Njooni Februari

Siku ile babu yake Nilda Coyla alipopuliza filimbi na ikatoka sauti ya watu wa Tiquirini, Nilda alikuwa hajazaliwa. Lakini kisa chenyewe alikinyonya pamoja na maziwa ya mama, maana katika kijiji chao cha Huilacaya hakuna mtoto anayekua bila kukisikia, na Tiquirini, kijiji cha ng'ambo ya mto, hakuna mtu anayekubali kisahaulike.

Ilikuwa miaka ya sabini. Sheria ya wakati ule iliyataka majumba ya sinema ya Peru yaonyeshe filamu fupi ya wenyeji kabla ya filamu kubwa, kwa hiyo mabwana wa kamera walizagaa kila pembe wakitafuta cha kupiga. Mmoja alipanda kutoka Lima mpaka Huilacaya wakati wa Kanivali ya Februari, akawapiga picha wanaume wakicheza na kupuliza filimbi zao, mbele yao akiwa mzee Sabino Coyla, kiongozi wao, mashavu yamevimba na kofia imekaa upande. Kamera yake haikuchukua sauti. Alisema sauti ataitafuta Lima, akapewa jibini la njiani, akaaga.

Na kweli aliitafuta. Januari iliyofuata filamu ikaonyeshwa kwenye sinema ya mji wa wilaya, na Huilacaya nzima ikateremka kwenda kujiangalia. Mzee Sabino akakaa safu ya mbele kabisa. Taa zikazimwa, akajiona ukutani mkubwa kuliko nyumba yake, akainua filimbi, akapuliza. Kilichotoka hakikuwa chake. Zilitoka filimbi za kiangazi, zile za mianzi iliyofungwa pamoja, tena zikipiga wimbo wa Tiquirini! Nusu ya ukumbi ilikuwa watu wa Tiquirini. Walicheka mpaka wengine wakaanguka vitini.

Mtu yeyote wa upande ule wa ziwa anajua kwamba filimbi ya mti, pinkillo, huita mvua, ndiyo maana hupulizwa masika tu. Na ile ya mianzi huita jalidi, ile baridi ya barafu, ndiyo maana hungoja kiangazi, ambacho kule huja Juni na usiku wa kuganda. Kupiga filimbi ya kiangazi Januari, viazi vikiwa na maua, ni kumfungulia mbweha mlango wa zizi. Haikupita wiki, jalidi ikashuka na kuyaunguza maua yote, ya waliocheka na ya waliochekwa. Sehemu hiyo watu wa Tiquirini huwa hawaisimulii.

Fortunato, baba yake Nilda, alikuwa kijana wa ndevu za kwanza siku ile, ameketi ubavuni mwa baba yake. Alimwona mzee akiivuta kofia mpaka machoni. Tangu hapo, kila soko la Jumapili, mtu wa Tiquirini akikosa la kusema huuliza kama filimbi ya Sabino imesharudi nyumbani au bado inaishi kwao. Sabino alikufa wakiwa bado wanamuuliza.

Kwa hiyo Nilda, ambaye sasa alikuwa mtu mzima anayeishi Lima na kutengeneza filamu fupi, alipomwambia baba yake kwamba anataka kuja kupiga picha Kanivali ya Huilacaya, mzee hakumpongeza.

"Utatia sauti ya nani?" aliuliza.

"Yenu, baba. Ya siku hiyohiyo, ya mahali hapohapo."

"Apa."

"Baba jamani! Filamu zangu mbili zimeshaonyeshwa, bado niape kama mtoto?"

"Hata ziwe kumi. Apa kwa kaburi la babu yako."

Nilda akaapa. Ya siku hiyohiyo, ya mahali hapohapo.

Mwaka huo ulikuwa na uzito wake. Huilacaya hawarudii wimbo. Mkesha wa Kanivali wanaume hukaa pamoja na majani yao ya koka, huyu anaguna hivi, yule anaguna vile, mpaka wimbo unajileta. Basi huo ndio utakaopigwa masika yale, na mvua zikiisha nao umekwisha, mwakani utatungwa mwingine. Fortunato alikuwa amewaongoza tangu baba yake alipoaga dunia. Sasa pumzi ilikuwa inamsaliti kwenye vilima. Alikwisha kutangaza kwamba Kanivali hii ikipita uongozi ataushika Wilber Calsina, mtoto wa jirani. Ina maana wimbo wa mwaka huo ndio ulikuwa wake wa mwisho, na Nilda aliutaka wimbo ule kuliko picha yoyote.

Alipanda na kamera yake, kinasa sauti, na Renzo, fundi sauti wake, kijana wa Lima mwenye maneno mengi na masikio makali. Vifaa vilifika, mwenyewe hakufika. Walipofika mji wa Juliaca tu, mwinuko ulimpiga kichwa na tumbo kwa pamoja, akaachwa zahanati amejikunja, anaapa kwamba akipona hatapanda hata ngazi. Nilda akaendelea peke yake. Na kwa kuwa hakuwa na mikono minne, kinasa sauti alimkabidhi shangazi yake.

Shangazi Eusebia, dada yake Fortunato, alikuwa mwanamke wa kukabidhiwa chochote. Akaonyeshwa mahali pa kusimama, akaonyeshwa taa nyekundu. "Ikiwaka hivi, shangazi, usiguse kitu. Kishike tu, wafuate wapigaji." Shangazi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote.

Kanivali ile ilikuwa nzuri jamani. Wanaume walishuka kilimani na mashada ya maua ya viazi kofiani, filimbi zimelowekwa usiku kucha mpaka mti umevimba na kushika sauti, wanawake wanazungusha sketi, na Fortunato yuko mbele, kofia imekaa upande vilevile kama ya marehemu. Mchezo ndio kwanza unaanza, mvua ikamwagika, nao hawakukimbia, wakacheza ndani yake. Nilda alipiga picha huku machozi na mvua vinamchanganyikia usoni. Jioni shangazi alimrudishia kinasa sauti kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko umefungwa kwa uzi wa sufu, mafundo mawili.

"Hakikupata hata tone," alisema, na uso wake uling'aa kwa fahari.

Nilda alimkumbatia. Hakufikiri zaidi, alikuwa amechoka na ana furaha.

Huko Lima, Renzo alishapona na maneno yamemrudia. Walifunga pazia za chumba chao cha kuhariria, akavaa hedifoni, akasikiliza. Akazivua, akazitazama, akazivaa tena.

"Dada Nilda," alisema, "hii filamu yako inahusu kukaanga samaki?"

"Acha utani."

"Sikiliza mwenyewe."

Nilda akasikiliza. Mwanzoni filimbi zilisikika, kidogo tu, watu wakiwa bado mbali. Kisha ukaja mchakacho mmoja mkubwa, shangazi anafungua mfuko. Kisha mafundo mawili. Halafu kuanzia hapo mpaka mwisho, mvua juu ya plastiki. Inatatarika, inapumua, inatatarika tena. Chini yake hakuna filimbi, hakuna wimbo, hakuna baba. Nilda alisikiliza yote kwa sababu alishindwa kuamini, na mwisho akaegemeza paji la uso mezani.

Filamu ilikuwa imekusudiwa shindano la taifa la filamu fupi, na mlango wa shindano ulikuwa unafungwa mwisho wa Juni. Lakini si hilo lililomuuma. Lililomuuma ni kwamba wimbo wa mwisho wa Fortunato Coyla ulikuwa umezama ndani ya mfuko wa sokoni, na yeye ndiye aliyekuwa ameapa.

"Usilie," Renzo alisema, naye alipokuwa mpole alikuwa mpole kweli. "Nina sauti nyingi nilizokusanya. Kanivali, filimbi zilezile za mti, msimu uleule, milima ileile. Nani atajua?" Akapekua kwenye kompyuta yake. "Hii hapa. Safi kama maji. Imeandikwa... Tiqui... Tiquirini."

Nilda alicheka. Alicheka mpaka Renzo akaingiwa na hofu, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, naye akatoka nje kutafuta hewa.

Hata hivyo yeye ni binadamu, na tarehe ilikuwa inakimbia. Mchana mmoja Renzo alipokwenda kula, Nilda aliifungua ile sauti ya Tiquirini, akaiweka chini ya picha za baba yake. Ikakaa. Ikakaa vizuri kuliko alivyotaka ikae: mguu unashuka na mpigo unashuka, shavu linavimba na filimbi inalia. Waamuzi wa Lima wangefuta machozi. Na Nilda, badala ya kufurahi, akamwona Fortunato ukutani anapuliza sauti ya jirani, kofia imekaa upande, na aibu ikamshika mpaka masikioni. Aliifuta. Renzo aliporudi amebeba chakula chake, alimkuta anapanga nguo begini.

"Tunapanda," Nilda alimwambia. "Wataupiga tena, tutaunasa. Safari hii utapanda polepole, na utakunywa chai ya koka mpaka utoke majani masikioni."

Walifika Huilacaya mwezi wa Juni, na Juni si mwezi wa mchezo. Uwanda wote ulikuwa umetandazwa viazi. Usiku jalidi inavigandisha viwe mawe, asubuhi jua likigusa watu wanavirundika na kuvikanyaga kwa miguu mitupu mpaka maji yatoke, kesho tena, keshokutwa tena, mpaka viwe chuño, vyepesi na vikavu, chakula kinachokaa miaka. Kinachotakiwa ni usiku mkavu na baridi ya kuuma. Mvua moja tu ikinyesha hapo, vyote vinaoza.

Nilda aliyajua hayo, ameyakanyaga mwenyewe utotoni. Lakini mtu mwenye shida husahau anachokijua. Alisimamisha kamera kwa mazoea, akaiwasha, akaelekea kwa baba yake aliyekuwa anakanyaga rundo pamoja na Wilber, shangazi na majirani. Renzo alijiketisha juu ya gunia, blanketi begani, kikombe mkononi, hedifoni kichwani.

"Baba," Nilda alisema, "ule wimbo haukuingia. Naomba muupige tena. Mara moja tu."

Fortunato hakusimamisha miguu. "Haukuingia wapi?"

Nilda akaeleza habari ya mfuko. Shangazi Eusebia akaweka mkono mdomoni.

"Mimi!" alisema. "Ni mimi niliyeua!"

"Hukuua kitu, shangazi. Ulikilinda."

"Nilifunga mafundo mawili, mama yangu wee!"

Watu walicheka, lakini si kwa ubaya, na wakaendelea kukanyaga. Fortunato peke yake ndiye hakucheka.

"Unataka tupulize pinkillo," alisema taratibu, "leo. Juni. Mbele ya chuño."

"Kidogo tu, baba."

"Tupulizie ndani, mzee," Wilber akamsaidia, maana alikuwa na moyo laini na pia alitaka kuonekana kwenye filamu. "Milango tunafunga, tunajifunika blanketi, tunapiga polepole."

"Na mvua ikija, nayo utaiambia ikae chini ya blanketi?"

Wilber akarudi kwenye rundo lake. Jirani mmoja akasema afadhali wampelekee Nilda chuño yote huko Lima wakaikaushe kwa feni, na kicheko kikazuka tena. Nilda alisimama katikati yao.

"Baba, huu ndio wimbo wako wa mwisho. Utapotea!"

"Wa kwanza uko wapi?"

"Sijui."

"Na wa mwaka uliozaliwa wewe?"

"Baba, sijui!"

"Umepotea. Zote zimepotea, na sisi tupo hapa tunakanyaga viazi. Sisi hatuweki nyimbo, mwanangu. Tunaweka viazi. Wimbo ukiisha tunatunga mwingine, kwa sababu tunaweza. Wanaorudiarudia ni wale wa ng'ambo ya mto." Alisema hivyo ameinua kidevu, jua liko usoni, miguu yake ya kizee imebabuka kwa baridi, na wala hakuwa anajitetea. Alikuwa anajivuna. "Babu yako alitiwa mdomoni wakati usio wake na sauti isiyo yake. Mimi nisiwe na sauti kabisa, sawa. Lakini isiyo ya wakati wake, hapana. Sipulizi."

"Basi hakuna filamu!" Nilda alipaza sauti, na ilikuwa sauti ya mtoto, aliisikia mwenyewe.

Fortunato akaashiria kwa kidevu. "Na hiyo mashine yako, inayotukodolea macho tangu asubuhi? Inachunga kondoo?"

Nilda akageuka. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Ilikuwa imewaka muda wote, na mbele ya kioo cha kamera palikuwa na uwanda mweupe kwa jalidi, marundo ya viazi, watu wanaocheka, na mzee aliyekataa. Juu ya gunia Renzo aliinua kidole gumba. Kila neno limeingia, hata mlio wa miguu.

Nilda aliiacha ikiwaka. Alivua viatu, akapanda kwenye rundo, akakanyaga pamoja nao mpaka jua lilipopanda, na barafu ya viazi ilimuuma nyayo mpaka akasahau hasira.

Filamu aliyoihariri baada ya hapo haikuwa ile aliyoiota. Ilianza na Kanivali: wanaume wanashuka, filimbi zinasikika kwa mbali, mara mchakacho, mara mafundo mawili, kisha mvua juu ya plastiki na watu wazima wamevimbisha mashavu bila wimbo. Hakutia msimulizi wa kueleza. Alikuwa ameapa ya siku hiyohiyo, ya mahali hapohapo, na ile mvua ilikuwa ya siku hiyohiyo, ya mahali hapohapo, hata mfuko wenyewe ulikuwa wa shangazi. Kisha ikaja Juni, na mzee akisema hapana. Renzo alipoisikiliza yote mwanzo mpaka mwisho hakutoa utani wowote, na kwa Renzo hilo ni jambo kubwa.

Ilichaguliwa. Ikaonyeshwa Lima mwezi wa Julai, siku chache kabla ya sikukuu za taifa, ukumbi umejaa. Fortunato na shangazi Eusebia waliteremka kwa basi, mzee na kofia yake mpya, shangazi na sketi zake zote na kigunia cha chuño kwa ajili ya Renzo. Taa zilipozimwa Nilda alishika mkono wa baba yake, na mkono ule ulikuwa mgumu kama ubao. Nilda alijua mzee anachokingoja. Alikuwa anangoja watu wacheke.

Mvua ya plastiki ikatatarika. Mtu mmoja nyuma alisonya, mwingine akadhani spika zimeharibika. Shangazi akajikunyata kitini. Kisha ikaja Juni, na ukumbi ukacheka pale pa blanketi, kicheko cha watu walio upande wako, na mzee aliposema "Sisi hatuweki nyimbo," kikatulia. Filamu ilipokwisha watu walisimama na kupiga makofi. Mkono wa Fortunato ukalegea ndani ya mkono wa bintiye.

Waliitwa mbele. Mama mmoja mwenye skafu ya rangi ya zambarau akaomba maikrofoni.

"Don Fortunato, mmetutesa," alisema. "Nimekaa hapa natamani huo wimbo mpaka basi. Hapa ni Lima, hakuna chuño, hakuna jalidi. Hebu tupigie mluzi tu. Kidogo!"

Ukumbi mzima ukashangilia. Nilda alimtazama baba yake, maana na yeye, tuseme ukweli, alikuwa anautamani kuliko wote. Mzee alichukua maikrofoni, akaisogeza kofia upande.

"Mama," alisema, "chuño yetu bado iko nje. Njooni Februari."

Vikazuka vicheko na makofi, na kabla havijaisha shangazi Eusebia akainama kwenye maikrofoni akaongeza, "Mje na mifuko ya plastiki!"

Walipewa tuzo ya pili. Tiquirini waliposikia walisema ya pili inawafaa Huilacaya, wameizoea. Lakini Jumapili moja sokoni, mzee mmoja wa Tiquirini, mmojawapo wa wale walioanguka vitini enzi zile, alimsimamisha Fortunato mbele ya watu. Fortunato akajiandaa kwa swali la filimbi ya Sabino.

"Tumeiona hiyo filamu kwenye simu ya mjukuu," yule mzee alisema. "Mlikataa vizuri." Akanunua chumvi yake akaenda zake. Fortunato alirudi nyumbani akaisimulia habari hiyo mara tatu, na shangazi akaisikiliza mara zote tatu.

Februari ikafika, na watu wakaja kweli. Alikuja mama wa skafu, walikuja wanafunzi wa filamu wamejifunga majaketi, alikuja Renzo anayetembea hatua moja anapumzika mbili, na Tiquirini wakaja wengi, hao hawangekosa. Wanaume wa Huilacaya walikuwa wamekwisha kutunga wimbo wa mwaka, na Wilber ndiye aliyewaongoza kushuka kilimani. Fortunato alipuliza safu ya pili, anapumzika kila kilima, hana kinyongo. Mchana watu walijibana darasani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na Nilda akawasha projekta ukutani.

Wakashuka tena wanaume wa mwaka jana. Filimbi za mbali, mchakacho, mafundo mawili, watu wakamcheka shangazi naye akawatishia kwa kiganja. Mvua ya plastiki ikaanza. Ndipo Fortunato aliposimama pale alipoketi, akiwa na pinkillo yake mkononi, bado imelowa.

Wimbo wa mwaka uliopita haupigwi. Kila mtu mle ndani alilijua hilo. Wilber alimtazama mzee, mzee akautazama ukuta ambako yeye mwenyewe alikuwa anapuliza bila sauti, na Wilber akaelewa. Akasogea pembeni, akampisha mbele. Fortunato akavuta pumzi aliyokuwa nayo, akapuliza.

Wengine wakaingia nyuma yake mmojammoja, kisha wote. Ulikuwa ule ule. Mguu wa ukutani ukashuka na mpigo ukashuka, shavu la ukutani likavimba na sauti ikatoka upande huu, kubwa, nene, ya kutetemesha kifua, sauti ya Huilacaya kwenye midomo ya Huilacaya. Nilda alisahau kwamba alikuwa na kazi. Alisimama kando ya projekta, mikono kifuani, na fahari aliyoisikia ilikuwa karibu imuumize. Watu wa Tiquirini hawakucheka. Yule mzee wa chumvi alivua kofia yake, na waliokuwa nyuma yake wakavua zao.

Kisha bati likaanza kulia juu. Tone, matone, na mvua yenyewe ikamwagika, nzuri, nzito, juu ya viazi vyenye maua.

Renzo alikuwa amechuchumaa karibu na ukuta, hedifoni masikioni, kinasa sauti magotini, taa nyekundu inawaka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokota dhahabu. "Naupata, Nilda!" alinong'ona. "Wote, safi kabisa! Tunautia kwenye filamu, unakaa palepale!"

Nilda alikitazama kile kinasa sauti. Wimbo ulikuwa humo, hatimaye, wimbo wa mwisho wa baba yake, ungesikika Lima na popote duniani, Juni, Septemba, wakati wowote mtu akibonyeza. Lakini haukuwa wa siku ile ya ukutani. Siku ile ilikuwa na sauti yake tayari. Akawatazama wale waliosafiri njia yote hiyo, mama wa skafu analia bila kujificha, na baba yake ambaye pumzi ilikuwa inamwishia lakini haachi, na akajua analotaka.

Shangazi Eusebia alijipenyeza katikati ya watu, ameukunjua mfuko wa plastiki, uzi wa sufu umening'inia mdomoni.

"Bati linavuja hapa, mwanangu," alisema. "Nikifunike?"

Renzo alitikisa kichwa kwa nguvu, macho yanaomba. Nilda alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Kifunike, shangazi," alisema. "Mafundo mawili."